FENI YA NAMBA 4



Leo sihubiri sana. Nataka niwasimulie habari ya gari langu, na mbele kidogo mtaona mahali Bwana aliponikamata.

Wengi wenu mnalijua gari hilo. Ni lile dogo la mtumba kutoka Japani, linaloegeshwa chini ya mjakaranda pale uani kwa kanisa. Limebeba wagonjwa, limebeba maharusi, limebeba viti vya plastiki na spika. Silinung'unikii. Lakini mwezi wa nne mwaka huu feni ya hita ilianza kunisumbua.

Swichi ya ile feni ina namba 1, 2, 3 na 4. Nikiweka 1, kimya. Nikiweka 2, kimya. Nikiweka 3, kimya. Nikiweka 4, inanguruma kama kinu cha posho. Nikasema si mbaya, bora 4 iko. Nikazoea. Tukiwa safarini mke wangu akisema jambo, namwambia, "Rudia, sijasikia." Akirudia mara ya tatu ananyamaza na kuangalia nje. Nami naendelea kuendesha.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja kando ya barabara. Akasikiliza nusu dakika, akasema, "Hiyo ni rezista." Akaweka nyingine. Ikafanya kazi wiki tatu, ikaungua. Nikarudi, akaweka ya pili. Hiyo haikumaliza hata mwezi. Nikakata tamaa nikarudi kwa namba 4 yangu.

Sasa twendeni Timboroa. Mnaopita barabara ya Nakuru kwenda Eldoret mnapajua. Pale ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Agosti baridi yake haina huruma. Tulikuwa tumeenda kufariji familia moja upande wa Burnt Forest, tukachelewa kutoka. Garini tulikuwa watano: mimi, mke wangu, kijana wetu aliyekuwa amefunga shule, na akina mama wawili wa kanisa. Saa mbili usiku, manyunyu, na ukungu umelala barabarani.

Watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa madirisha, ile pumzi ina unyevu. Ikigusa kioo baridi inageuka kuwa matone. Kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Nikaweka feni namba 4. Kimya. Nikazima, nikawasha tena. Kimya kabisa. Ile namba 4 niliyoitegemea miezi minne ilinifia mlimani, usiku.

Nikawa napangusa kioo kwa hankachifu mkono mmoja, usukani mkono mwingine. Kinafunguka kidogo, kinaziba tena. Mke wangu akasema, "Baba, simama kwanza." Sikusimama. Nikamjibu kwa ile sauti yangu mnayoijua ya mimbarini, "Mnataka kunifundisha kuendesha?" Gari zima likanyamaza.

Hata dakika haikuisha. Nikaona kitu cheusi mbele yangu, karibu kabisa. Nikakanyaga breki, gari likateleza, likasimama. Alikuwa mzee anayesukuma baiskeli yenye mitungi ya maziwa, hana taa. Kati yetu na yeye zilibaki kama hatua mbili. Yule mzee alitutazama, akainua mkono kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa, akaendelea na safari yake. Nilibaki pale mikono ikitetemeka. Nyuma, mama mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini.

Tulishuka hadi Nakuru madirisha yakiwa wazi, akina mama wamejifunika leso hadi machoni. Hakuna aliyeniambia neno.

Jumatatu asubuhi nililipeleka gari kwa fundi mwingine, kijana mdogo tu. Mwanangu akaja nami, visikizi masikioni kama kawaida yake. Nilimwambia fundi, "Niwekee rezista nyingine, na hii iwe mpya." Hakwenda kutafuta rezista. Aliniuliza, "Pasta, ilianza lini? Ilikufa pole pole ama ghafla? Kabla ya kufa ilikuwa inapiga kelele?"

Nilitaka kumwambia afanye haraka. Lakini nikakumbuka 2 Wafalme sura ya 6, yule mwana wa manabii aliyeangusha kichwa cha shoka majini. Elisha, pamoja na upako wote ule, hakuanza na muujiza. Alianza na swali: kilianguka wapi? Na yule kijana alipomwonyesha mahali ndipo chuma kikaelea. Wengi wetu tunataka chuma kielee, ila hatutaki kuulizwa kilipoangukia.

Fundi akaanza kazi. Kwanza alipima fyuzi kwa testa. Nzima. Akasema, "Wengine hapa huweka fyuzi kubwa zaidi. Usikubali, utachoma waya." Halafu akafungua kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, akalala chali sakafuni mwa gari, akagusa plagi ya mota kwa testa. Taa ikawaka. "Umeme unafika," akasema. "Shida haiko kwa swichi." Akaigonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikazunguka kidogo, kwa kujivuta, ikasimama. Akacheka. "Huyu amechoka."

Akafungua skrubu tatu, akaitoa. Wapendwa, niliona aibu. Ndani ya ile feni kulikuwa na majani makavu ya mjakaranda wa kanisani, vumbi lililoshikana kama tope, na vijiti. Alijaribu kuizungusha kwa kidole, ikakataa. Brashi za kaboni, zile zinazoupeleka umeme ndani ya mota, zilikuwa zimelika zikaisha. Plagi yake ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Kisha akavuta filta ya hewa ya ndani. Ilikuwa nyeusi kama jivu la makaa.

"Pasta, hii ilibadilishwa lini?"

Nikasema, "Kwani kuna filta hapo?"

Akanieleza vizuri, na nawaandikia kama alivyosema. Rezista kazi yake ni kupunguza nguvu ya umeme, ili feni iweze kwenda pole pole. Ikipunguza, inapata joto. Kwa hiyo imewekwa ndani ya njia ya hewa, upepo wa feni uipoze. Sasa filta ikiziba, upepo wa kuipoza unapungua. Mota nayo ikiwa nzito kwa uchafu, inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Basi rezista inabeba mzigo usio wake, tena bila kupozwa, hadi inakatika. "Rezista zako hazikuwa na makosa," akasema. "Ungeweka hata kumi, zingeungua zote."

"Na mbona 4 ilikuwa inafanya kazi?"

"Namba 4 haipiti kwa rezista. Inachukua umeme wote moja kwa moja. Ndiyo maana rezista ikiungua, kinachobaki ni 4 ama kuzima."

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Kijana wangu alikuwa ametoa visikizi. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea peke yake, "Kama Baba."

Nikageuka. "Umesema nini?"

Akaangalia chini. "Nimesema kama wewe, Baba. Wewe ni namba 4 ama umezimwa."

Yule fundi akaingiza kichwa chini ya dashibodi haraka, akajifanya anatafuta skrubu.

Nawaambia ukweli kama mchungaji wenu. Jibu la namba 4 lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nalo lote: heshima, karo, nani anakulisha. Nikamwona tena yule mzee wa baiskeli akiinua mkono. Nikanyamaza. Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi kuukuu, na sikuwa naomba. Nilikuwa nimepigwa.

Maana ni kweli. Jumapili ninavuma, watu wanasimama, wanapiga makofi. Nikirudi nyumbani, au nafoka au nimezimwa mbele ya simu. Kuongea pole pole na mtoto, kumsikiliza mke wangu hadi amalize, hizo namba za chini zilikufa zamani. Na nimejaribu kurekebisha! Nimefunga na kuomba. Nimemwomba mke wangu msamaha, si mara moja. Kila mara ninakuwa mpole wiki tatu, kisha naungua tena. Nilikuwa nabadilisha rezista tu. Sikuwahi kuuliza ni nini kinachoichoma.

Tulimaliza pale mchana. Fundi aliweka mota iliyotumika lakini nzima, rezista, filta mpya, akakata ile plagi iliyoyeyuka akaunganisha nyingine. Akasafisha majani pale chini ya wipa, ambapo hewa ya nje huingilia. Tukaondoka.

Barabarani niliweka namba 1. Jamani, nilikuwa nimesahau kama gari linaweza kuwa na upepo usio na kelele. Nikamwambia mwanangu, "Lile neno ulilosema pale ni kweli. Nisaidie. Ilianza lini?"

Alikaa kimya hadi nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Tangu tumzike Shosho."

Mwajua mama yangu alilala mwaka jana. Wengi wenu mlikuja. Nilihubiri mimi mwenyewe kwenye mazishi yale, na mliniambia nilihubiri kwa nguvu. Jumapili iliyofuata nilikuwa madhabahuni. Watu walisema, pasta ana imani. Mwanangu akaniambia, "Hukulia, Baba. Nami nikaona nikilia nitaonekana sina imani. Usiku huwa naamka, sikuwa najua nimwambie nani." Shosho ndiye aliyemlea tulipokuwa tukizunguka na injili.

Niliegesha gari kando. Nikalilia mama yangu kwa mara ya kwanza, mbele ya mtoto wa miaka 16, na yeye akamlilia nyanya yake. Hakuna aliyeweka mkono juu ya mwingine kukemea chochote. Tulilia tu. Filta ile haikuwa imefunguliwa mwaka mzima.

Wapendwa, Bwana wetu Yesu alijua kabisa kwamba dakika chache baadaye Lazaro angetoka kaburini, na bado alilia (Yohana 11). Machozi yake hayakupunguza upako. Na Eliya, mtu wa moto, aliyekuwa amechoka hata akataka kufa, alipofika Horebu (1 Wafalme 19), Mungu hakumjia katika upepo mkuu, wala tetemeko, wala moto. Alimjia kwa sauti ya chini. Tena kabla ya hapo alimpa usingizi na chakula. Mungu wetu ana uwezo wote, lakini anajua pia kuongea na mtoto wake pole pole. Sisi tumejifunza wapi kwamba nguvu ni kelele?

Nawaachia mambo matatu.

1. Usizoee kilichokufa kwa sababu namba 4 bado iko. Ukiona huwezi tena kuongea na mwenzako bila kupaza sauti, hiyo ni taarifa. Mimi nilisubiri hadi Timboroa.

2. Jambo likirudi mara ya tatu, acha kubadilisha kile kinachoungua. Uliza kinachokichoma. Huenda ni huzuni, deni ulilolificha, uchovu, ama mtu ambaye hujamsamehe.

3. Wasikilize walio ndani ya gari lako. Mke wangu aliona ukungu kabla yangu. Mwanangu alijua ugonjwa wangu kabla ya fundi. Bwana aweza kukutumia nabii, na aweza kutumia sauti ndogo kutoka kiti cha nyuma.

Na wenye magari, hasa mnaokaa Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa: fungueni hiyo filta, ondoeni majani chini ya wipa. Kioo kikijaa ukungu, weka hewa iingie kutoka nje, elekeza feni kiooni, na washa AC ikiwa iko, maana inakausha hewa. Kama huoni, simama. Usishindane na mke wako.

Jioni ile nilimpigia kila mmoja wa wale akina mama wawili, nikaomba msamaha kwa sauti niliyotumia garini. Mmoja alicheka, akasema, "Pasta, sisi tulishakuombea." Mke wangu sikumpigia. Nilimpikia chai, nikakaa, nikamwambia aseme yote. Aliongea hadi saa sita usiku. Sikusema "rudia" hata mara moja.

Tuombe. Baba, tupe neema ya kuulizwa tulipoangusha shoka. Safisha kilichoziba ndani yetu. Turudishie namba za chini nyumbani mwetu, tusikie na tusikike. Wote wanaoomboleza kimya kimya usiku huu, watoto na wachungaji wao, uwafariji. Katika jina la Yesu.

Ukisema Amina, usiiandike hapa kwanza. Nenda kamuulize mtu mmoja wa nyumbani kwako, "Ilianza lini?" Msikilize hadi amalize, kisha urudi uandike.

Nawapenda. Tuonane Jumapili.