Mpango wa Safari ya Siku Sita

Safari ndefu husamehe makosa mengi, kwa kuwa siku iliyopotea hulipwa na siku nyingine. Lakini safari fupi haisamehi. Mwenye miezi mitatu ugenini akipotea njia Jumatatu, ataiona Jumanne. Mwenye siku nne akipotea njia asubuhi moja, amepoteza sehemu ya nane ya safari yake kabla jua halijafika utosini. Kwa sababu hii safari fupi huhitaji mpango mrefu. Nilijifunza neno hili mezani, wala si njiani, nilipokaa na mdogo wangu kupanga safari ya Hong Kong. Na katika kupanga huko nilijifunza jambo la pili ambalo sikulitafuta.

Mdogo wangu ni mpishi katika hoteli moja ya Mombasa, nami ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari huku bara. Baba yetu alipofariki tulikosana. Ng'ombe wawili wa marehemu waliuzwa mara baada ya matanga, na aliyewauza ni yeye, pasipo kuniuliza mimi niliye mkubwa. Nilisema maneno makali mbele ya watu. Yeye hakujibu, alipanda gari akarudi pwani. Kwa muda wa miaka miwili salamu zetu zilipita kwa mama, kama barua zipitavyo kwa tarishi, naye mama alizichukua bila ya kunung'unika. Basi nilistaajabu simu yangu ilipolia jioni moja nikasikia sauti yake.

"Shikamoo dada," alisema. "Nimeweka akiba ya kutosha. Nataka kuona mapishi ya Hong Kong kabla sijazeeka. Wewe ndiwe ujuaye ramani. Nipangie safari, na ukiweza, twende sote."

Nilikuwa na akiba yangu katika chama cha ushirika cha walimu. Tena nilikuwa na deni la aina nyingine. Kwa miaka kumi na mmoja nimewafundisha vijana habari za miji na bandari za Asia, na siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, umepata kufika huko?" Darasa lilicheka, nami nilicheka pamoja nalo, lakini swali lile halikutoka moyoni. Nikamjibu ndugu yangu kwamba nitakwenda.

Watu wengi wakisikia jina la Hong Kong hufikiri juu ya majumba marefu yaliyosongamana kama mahindi shambani. Hawakosei, lakini wamejua nusu tu. Nchi ile ina eneo la kilomita za mraba 1,100 hivi, na Nairobi yetu ina karibu 700. Ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni saba. Walakini sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima, na karibu sehemu mbili katika kila tano zimewekwa kuwa hifadhi ambamo hapana ruhusa ya kujenga mji. Mlima mrefu kuliko yote, Tai Mo Shan, una mita 957. Kuna njia ya miguu iitwayo MacLehose, iliyofunguliwa mwaka 1979, yenye urefu wa kilomita 100. Mtu aweza kunywa chai sokoni asubuhi, na kabla ya adhuhuri akawa juu ya mgongo wa mlima anatazama bahari pande mbili. Mahali pa namna hii panafaa sana kwa mwenye siku chache, kwa maana mji, chakula na mlima havikutenganishwa kwa safari za siku nzima.

Jambo la kwanza tulilolipima ni majira. Mwalimu hupata nafasi ya kusafiri katika likizo tu, na mimi nilipendelea ile ya Agosti. Lakini nilipotazama habari za hali ya hewa nilibadili nia. Agosti kule ni wakati wa joto zito, mvua nyingi na tufani za bahari. Tufani ikikaribia, watu wa idara ya hewa hutangaza ishara kwa tarakimu. Ikifika ishara ya 8, shule na ofisi hufungwa, vivuko huacha kuvuka, na kila mtu hukaa ndani. Safari ya siku nne ikikutana na ishara hiyo itakuwa safari ya kutazama dari. Desemba, kwa upande mwingine, hewa ni kavu na baridi yake ni ya kuvaa sweta tu. Basi tulichagua Desemba.

Jambo la pili lilikuwa saa. Hong Kong imetutangulia kwa saa tano. Kunapokuwa saa moja asubuhi kule, kwetu ni saa nane za usiku, nao mwili haujui kwamba umevuka bahari. Ndugu yangu alitaka tupande mlima asubuhi ya kwanza tukiwa na nguvu mpya. Nilimwonyesha hesabu hiyo, akacheka, akakubali kwamba mtu hapandi mlima saa nane za usiku.

Hapo ndipo penye urahisi palipokwisha. Tulikubaliana kila mtu aandike matakwa yake, kisha tukutane nyumbani kwa mama tuyaunganishe. Orodha yake ilikuwa ya vyakula: bata bukini wa kuokwa, uji wa mchele, tambi za wonton, vitobosha vya mayai, na juu ya vyote dim sum, yaani vile vyakula vidogo vidogo vipikwavyo kwa mvuke katika vikapu vya mianzi, vikaliwa pamoja na chai tangu asubuhi hadi mchana. Orodha yangu ilikuwa ya milima: Lion Rock wenye mita 495, Dragon's Back wenye mita 284, na kilele cha Lantau chenye mita 934, ambako watu hupanda gizani ili kuona jua likichomoza. Tulipojumlisha orodha mbili tulipata siku kumi na moja. Tulikuwa na siku sita, na mbili kati ya hizo zingeliwa na eropleni.

Tukaanza kukata. Mimi nilikata vyakula vyake, naye akakata milima yangu. Alipoweka kalamu juu ya kilele cha Lantau nilihisi hasira ya zamani ikipanda. Nilikuwa tayari kusema, "Kama ulivyofanya kwa ng'ombe!" Mama alikuwa akipepeta mchele karibu nasi. Hakusema neno, lakini ungo ulisimama mikononi mwake. Nilimeza maneno yangu, na badala yake nikauliza swali ambalo mwalimu angepaswa kulizoea: "Kwa sababu gani?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akakunja suruali akanionyesha goti lake la kulia lililovimba. "Nasimama jikoni saa kumi kila siku, dada. Kupanda naweza. Kushuka ndiko kunaniua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Maneno hayo mawili yaliniingia. Nilitambua kwamba hata habari ya ng'ombe sikuwahi kuuliza, nilishtaki tu. Basi nikauliza palepale, miaka miwili baadaye. Akaniambia kwamba baba aliacha deni la matibabu, na kwamba katika siku zake za mwisho alimwapisha mwanawe alilipe bila ya mama kujua, asije akafikiri kuugua kwake kumemfukarisha. Yeye alitimiza kiapo, akachukua lawama. Mama aliweka ungo chini. "Nilijua," alisema. "Mwanamke asijue hesabu ya nyumba yake? Nilingoja mwulizane wenyewe."

Sitasema kwamba yote yalitengenea saa ile. Hata leo naona alipaswa kunidokezea, naye anaona nilipaswa kumdhania mema. Lakini tulirudi kwenye karatasi yetu tukiwa watu wawili wanaopanga safari moja, na siyo mawakili wawili wa kesi moja.

Mpango tuliouandika ni huu. Siku ya kwanza ya kuwa mjini hatutachosha mwili. Tutavuka bandari kwa kivuko cha Star Ferry, ambacho kampuni yake imevusha watu tangu karne ya 19. Ndugu yangu, anayevuka Likoni kila asubuhi, anataka kulinganisha. Tutapanda tramu za mjini zenye ghorofa mbili, ambazo huduma yake ilianza mwaka 1904, kisha ile nyingine ivutwayo kwa kamba ya chuma hadi karibu na kilele cha Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1888. Toka juu tutauona mji wote, na mtu aliyeuona mji kutoka juu hapotei upesi akiwa chini.

Siku ya pili asubuhi ni ya dim sum, na hapo kiongozi ni yeye. Amekwisha nifundisha kwamba mtu akikumiminia chai, humshukuru kwa kugonga meza taratibu kwa ncha za vidole. Wenzake wa Mombasa walio Waislamu wamemwagiza aende Wan Chai, ambako ndani ya jengo la msikiti kuna mkahawa wa dim sum ya halali, ili awaletee habari. Alasiri ya siku hiyo tumeiacha tupu. Katika karatasi kuna nafasi nyeupe, na chini yake nimepiga mstari. Msafiri asiye na nafasi tupu hana mahali pa kuliweka jambo asilolitazamia.

Siku ya tatu ni Dragon's Back. Njia yake ina kilomita 8 na nusu hivi, haina mteremko mkali kwa sehemu kubwa, nayo hupita juu ya mgongo wa vilima huku bahari ikionekana chini. Mwisho wake ni ufukoni, na goti likikataa, basi la kurudi mjini halitakuwa mbali. Siku ya nne ni kisiwa cha Lantau, na huko tutaachana kwa nusu siku. Mimi nitapanda kile kilele, mchana badala ya usiku. Yeye atakwenda Tai O, kijiji cha wavuvi chenye nyumba zilizosimama juu ya nguzo majini, akaone wanavyotengeneza shira ya uduvi. Jioni tutakutana chini ya ile sanamu kubwa ya Buddha, yenye urefu wa mita 34, iliyokamilika mwaka 1993. Ina ngazi 268. Yeye amesema atazihesabu akiwa chini.

Fedha tulizigawa mafungu manne: nauli, malazi, chakula pamoja na usafiri wa mjini, na fungu la dharura ambalo tuliapa kutoligusa kwa tamaa. Malazi kule ni ghali na vyumba ni vidogo, kwa hiyo tulichagua usafi na ukaribu wa kituo cha treni, tukaacha fahari. Masharti ya kuingia nchini tuliyauliza kwa wahusika wenyewe, wala si kwa jirani aliyesikia kwa shemeji yake.

Wenzangu shuleni walinicheka wakisema mwalimu anavuka kilomita zaidi ya 8,000 kwenda kula. Siwalaumu. Lakini vijana wa kidato cha tatu walinisaidia kusoma ramani ya kisiwa kile. Walipima njia kwa uzi, wakahesabu mistari ya mwinuko, na mmoja akanionya kwamba mistari ya Lantau imekaribiana mno, nichukue fimbo. Sikumbuki somo la ramani lililopata usikivu kama huo.

Safari yenyewe bado. Tiketi zimo sandukuni, na mama ndiye mwenye ufunguo. Yamkini mvua itanyesha siku ya mlima, au kivuko kitachelewa, au goti litavimba zaidi. Hatukupanga ili mambo hayo yasitokee. Tulipanga ili yakitokea, kila mmoja ajue mwenzake anataka nini na anaumwa wapi. Kijana usomaye, ukipanga safari na mtu, pima siku, fedha, majira na nguvu za mwili. Ukiisha kuvipima vyote, na kalamu ya mwenzako ikisimama juu ya kile ukipendacho, usimnyang'anye kalamu. Mwulize sababu.