Kazi Yangu ni Kuzima

Umeme una sauti yake, na anayerekodi muziki nyumbani hapa Pemba huijua sauti hiyo kabla hajamjua mwimbaji wake wa kwanza. Ni mngurumo wa mitetemo 50 kwa sekunde, karibu kabisa na nota ya G ya chini kwenye gitaa la besi. Wimbo ukiwa katika G, mngurumo unajificha humo humo, na mteja anakusifu kwamba studio yako ina uzito. Wimbo ukipanda kwenda A, kila mtu anageuza shingo kutazama ukuta.

Studio yangu ilikuwa chumba cha uani, nyumbani kwetu Machomane, Chake Chake. Nyumba ya zamani, nyaya zake zimetandazwa bila earthi. Mpaka mwaka 2010 tulikuwa tukila umeme wa majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ukaletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na watu wakaona shida zimekwisha. Kukatika kulipungua kweli. Mngurumo haukuondoka, maana haukutoka Wesha wala Tanga, ulitoka kwenye kuta zetu wenyewe. Dawa yake ikawa fimbo ya shaba niliyoipigilia ardhini nyuma ya banda la kuku, vifaa vyote nikavichomeka sehemu moja, na mwimbaji akianza tu, nachomoa chaja ya laptopu ili iende kwa betri.

Hapo bado kulikuwa na friza. Mama alikuwa akiuza barafu, na kila injini ya friza ilipojiwasha, hedifoni zililia "tak".

"Mama, nizimie friza robo saa tu."

"Robo saa yako naijua mie. Barafu ikiyayuka utanunua weye?"

Nilinunua mara nyingi. Ndiyo maana nikiulizwa kazi yangu, siwezi kusema natengeneza muziki. Muziki unakuja umetengenezwa. Mie nazima vitu.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mtoto wa duka la kanda, mjini Chake, nikinakili taarabu kwenye dabo deki. Mteja alikuja na kanda tupu, akachagua upande A wa mtu huyu na upande B wa yule, akarudi baada ya alasiri. Muziki wote tuliounakili ulikuwa umerekodiwa ng'ambo ya maji. Siti binti Saad alivuka mpaka Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri. Sisi Bombay yetu ilikuwa Unguja. Kikundi cha ngoma kikitaka kurekodi, kilichanga nauli, kikapanda meli na ngoma zake, kikalala kwa jamaa, kikarudi na kanda moja. Wengi hawakwenda. Ngoma ngapi za shamba zimezikwa na wenyewe bila kusikika nje ya kijiji, hilo halina hesabu.

Programu zilitufikia kwa sidii za kunakili zilizotoka Dar es Salaam. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa Cool Edit Pro, ambayo Adobe waliinunua mwaka 2003 wakaiita Audition. Ya pili ni FruityLoops, ya kampuni ya Kibelgiji ya Image-Line, ambayo mwaka huo huo ilibadilishwa jina ikawa FL Studio. Hii ya pili ndiyo iliyowapa vijana wa Zenji Flava, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, ruhusa ya kuwa wanamuziki. Unakuta mstari wa visanduku 16, unawasha hiki na kile, biti inaanza kuzunguka. Kijana hajui kupiga chochote, na saa moja baadaye ana biti na anatafuta mistari. Wapo wakubwa waliokereka na jambo hilo. Sikuwaunga mkono hata siku moja: vijana hao ndio waliolipia kila kifaa nilichonunua, hasa msimu wa karafuu, wakitoka kuchuma na fedha mkononi.

Matatizo yao yalikuwa mepesi, ya aina moja. Kijana anakuja na flashi, anasema wimbo wake wote umo humo, umefanyiwa kazi Dar. Nafungua: faili la mradi ni dogo kuliko picha ya simu, na programu inaanza kuuliza ngoma iko wapi, sauti iko wapi, plagini iko wapi. Faili la mradi ni orodha ya maagizo tu. Sauti zenyewe zimebaki kwenye kompyuta ya huko, katika folda ambayo hapa haipo. Ipo njia ya kuhifadhi kila kitu pamoja katika kifurushi kimoja, lakini nani atamwambia mtu anayewahi meli? Basi tunaanza upya. Mara nyingi biti ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya Dar, ingawa hilo sikulisema, maana angedhani najipigia debe.

Kazi ngumu ilianza walipokuja watu wa dufu.

Ilikuwa kabla ya Mfunguo Sita, kikundi cha kutoka Wete kilitaka kasida zake zirekodiwe kwa ajili ya maulidi. Niliwapanga kama nilivyozoea: kila mtu na hedifoni zake, mmoja anarekodi, wa pili anafuata juu yake. Hawakumaliza hata beti moja. Mpigaji mkubwa alivua hedifoni akaziweka pajani.

"Fundi, mkono wangu unanijia nyuma."

Alikuwa sahihi kabisa. Kompyuta haipeleki sauti papo hapo. Inaikusanya kwenye bafa, ikijaa ndiyo inaisukuma mbele. Bafa ya sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kila sekunde, ni milisekunde 23, na hapo ni kuingia tu, bado kutoka. Kwa milisekunde 23 sauti inakwenda kiasi cha mita nane hewani. Watu hawa wamezoea kukaa bega kwa bega, goti limegusa goti. Mie nilikuwa nimemtenga kila mmoja na mkono wake mwenyewe kwa upana wa uwanja. Nikapakia draiva ya bure ya ASIO4ALL, nikashusha bafa mpaka 128. Kompyuta yangu ya Pentium ikaanza kutatarika. Nikazima kinga ya virusi, nikazima intaneti, nikazima mapambo yote ya Windows. Ikapungua, haikwisha. Mwisho nikazima hedifoni zenyewe. Nikawaketisha duara juu ya mkeka, maiki moja juu yao, na programu ikawa haina kazi ila kusikiliza. Kasida zote zikapatikana usiku ule.

Toka hapo nikaanza kuzitazama programu hizi kwa jicho jengine. Kila moja imetungwa na mtu aliyekuwa na muziki fulani kichwani, na muziki huo ameutia ndani ya programu bila kumwambia mtu. Anadhani kasi ya wimbo haibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Anadhani kila kitu kinaanzia kwenye mpigo wa kwanza. Anadhani nota ni kumi na mbili. Wapigaji wa msewe, ngoma ya hapa Pemba, wakiingia, dhana hizo zote zinatoka mlangoni. Njuga za miguuni zinakwenda kwa mchezaji, ngoma inamfuata mchezaji, na wote wanaongeza mwendo kadiri watu wanavyopandwa na furaha. Ukiiwasha metronomu wanaisikiliza kwa adabu, kisha wanaiacha. Ukijaribu baadaye kuinyoosha midundo ikae kwenye mistari ya programu, kila kitu kinakaa sawa, na hakuna atakayeinuka kucheza.

Auto-Tune ndiyo iliyonigombanisha na watu. Ilitoka mwaka 1997, kazi ya Mmarekani Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo hesabu zake za mawimbi zilikuwa za kutafutia mafuta chini ya ardhi. Inasikiliza sauti, inatafuta nota iliyo karibu katika zile kumi na mbili, inaivuta huko. Vijana wanaipenda ikivutwa kwa nguvu, na kwao naisukuma mpaka mwisho, maana ndiyo ladha wanayoitaka na wamelipa. Lakini mchukue msomaji wa kasida katika maqamu ya Bayati. Nota ya pili ya Bayati haimo kwenye kinanda. Ipo baina ya funguo mbili. Programu inaifikia, inasita, inaitupa chini au juu. Ikienda chini, Bayati imekuwa Kurdi. Ikienda juu, imekuwa Nahawandi. Kilio chenyewe cha maqamu, kile kinachomfanya mtu afumbe macho, kimeondolewa.

Vijana wa kikundi kimoja waliniomba niiweke kidogo tu, mkubwa wao hatajua. Ustadhi alisikiliza mstari mmoja.

"Mwanangu, huyu anayeimba kasoma wapi?"

"Ni wewe, ustadhi."

"Astaghfirullah. Mie sikusoma huko."

Upo mpangilio wa kuishusha nota moja kwa senti 50, na nimeujaribu. Hautoshi. Mwimbaji mzuri haiweki nota ile pahala pamoja. Akipanda anaiinua kidogo, akishuka anailegeza. Basi nimezima.

Mengine ni madogo ila hayaishi. Kamera za harusi zinarekodi sauti kwa 48,000, sidii ni 44,100. Ukiitia sauti ya kamera kwenye mradi usioibadilisha, wimbo wa dakika tatu unachukua dakika tatu na sekunde 16, na mwimbaji anashuka zaidi ya nusu toni. Jamaa mmoja alijisikia hivyo akacheka: "Huyu siye mie, huyu ami yangu." Masika yakija, maiki ya kondensa inaanza kukwaruza kwa unyevu, yangu ililala ndani ya ndoo yenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, nilivyoviomba madukani. Trei za mayai ukutani ni pambo, hazizuii besi hata kidogo. Godoro la sufi ndilo linalofanya kazi. Na msimu wa maembe popo walikuwa wakigombana usiku kucha kwenye mwembe wetu. Wageni wanalipa kwenda kuwatazama popo hao Kidike. Mie nilikuwa nao bure, kwenye kila rekodi.

Sasa nieleze habari ya mzee wa kibati, kwa sababu ndiyo kazi ambayo watu wananikumbuka nayo.

Kibati ni ngoma yetu ya Pemba, ya kujibizana kwa haraka juu ya ngoma. Maneno yanatungwa pale pale mdomoni, na wengine wanaitikia. Mzee huyu alitoka upande wa Konde na wapigaji wake, wakaingia baada ya isha. Alikuwa na jambo moyoni, ikaonekana mapema. Aliimba mfululizo, hakuna aliyethubutu kumkatiza, na alipokuwa anakaribia kufunga, umeme ukakatika, na laptopu, ambayo betri yake ilikuwa imeshakufa siku hizo, ikazimika nao.

Ulipowashwa tena, faili lilikuwepo ila halifunguki. Kicheza muziki kinasema halina kitu. Mzee akasema hapana neno, ataimba siku nyengine, na wapigaji wakatazamana, maana wanajua kibati hakiimbwi mara mbili.

Faili la WAV lina kichwa chake mbele, kwa kawaida baiti 44, na humo mna urefu wa sauti. Programu inaiandika sauti kwenye diski kila inavyoingia, lakini urefu inaujaza mwisho, ukibonyeza kusimamisha. Umeme ukitangulia, kichwa kinabaki na sufuri, na kila programu inayokisoma inaamini. Nikautazama ukubwa wa faili: kiasi cha megabaiti 150. Stirio ya kiwango cha sidii inakula megabaiti kumi na kitu kwa dakika. Basi robo saa karibu nzima ya mzee ilikuwamo.

Kwanza nikanakili faili, nikaiweka asili pembeni nisiiguse. Kisha nikafungua Audacity, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Ina mlango wa kuingiza data ghafi: haisomi kichwa, inakuuliza wewe. Biti ngapi? Baiti gani inatangulia? Njia moja au mbili? Kasi gani? Unajibu, unasikiliza. Ukigeuza mpangilio wa baiti, unapata mvua juu ya mabati. Ukisema njia moja na kumbe ni mbili, mzee anaimba amevuta kila neno, sauti imeshuka oktavu nzima. Biti 16, baiti ndogo mbele, njia mbili, 44,100: akatoka mzee mwenyewe, na ngoma zake, na kikohozi cha mwitikiaji. Zilikosekana sekunde chache za mwisho ambazo hazikuwahi kufika kwenye diski.

Alipita wiki iliyofuata kusikiliza. Aliketi mikono juu ya bakora, akitikisa kichwa kwa kila tusi alilolitunga vizuri. Ilipofika katikati, pale alipomchambua bwana mmoja wa shehia ya jirani kwa deni la karafuu, tena kwa jina, akainua kidole.

"Hapo futa."

"Mzee, hapo ndipo pazuri kuliko pote."

"Najua. Lakini ameshanilipa."

Nikafuta mbele yake. Likabaki pengo, na ngoma zikarukia mbele vibaya, kila mtu akalisikia. Nikamwambia wimbo sasa hauungani.

"Washa hicho chombo chako," akasema, akiisogelea maiki. "Yuko mwengine hajalipa."