Ungo, Jungu na Sahani: Mgeni katika Mkesha wa Harusi

Katika maduka ya vyombo ya Kariakoo, sahani hununuliwa kwa sikio kama inavyonunuliwa kwa jicho. Mnunuzi huiweka juu ya ncha za vidole, akaigonga kwa ukucha na kusikiliza. Ikilia, ni nzima. Ikikwaruza, ina ufa. Mwalimu mmoja, mzaliwa wa mitaa hiyo, alizigonga hivyo sahani kumi na mbili kwa ajili ya kicheni pati ya binti wa kaka yake. "Hizi, mama, atawarithisha wajukuu," alisema muuzaji. Mwalimu alitabasamu, kwani alikumbuka sahani alizopata kuziona zikivunjwa kwa makusudi.

Ilikuwa Ujerumani, enzi za masomo yake. Mwanafunzi mwenzake alimkaribisha kwenye Polterabend, yaani jioni ya kishindo itanguliayo harusi. Wageni hufika na sahani kuukuu, vikombe vyenye pengo, hata masinki mabovu, wakavibwaga mbele ya nyumba. Vioo na bilauri haviruhusiwi, maana kuvivunja hudhaniwa kuleta nuksi. Bali vigae vya kaure na vya udongo huaminiwa kuleta heri. Mwalimu, kwa malezi yake, alikuwa amechukua sahani mpya iliyofungwa vizuri. Akaambiwa aivunje. Mgeni ni kuku mweupe: macho yote yalimwelekea, na mkono ukakataa. Kwao, kuvunja chombo mbele ya mwali ni kumtakia mabaya. Aliikabidhi sahani kwa mama wa bibi harusi, aliyeipokea kwa adabu na kuiweka mezani. Hakuna aliyemlaumu, hata hivyo, alijiona ameikataa furaha ya wenyeji wake.

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa hutokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kiliwaeleza wasomaji wa Ujerumani habari za unyago na harusi za pwani. Mwalimu alikuwa amekisoma. Hakutazamia kwamba siku moja yeye ndiye angekuwa mwenye kushangaa.

Jawabu lilimjia baadaye, tena kutoka katika lugha yake mwenyewe. Msichana apatapo hedhi ya kwanza husemwa kwamba amevunja ungo, na hapo ndipo makungwi huitwa. Karamu za siku za mwisho kabla ya mfungo wa Ramadhani huitwa vunja jungu. Kumbe Mswahili naye, afikapo kwenye kizingiti cha hali mpya, huvunja chombo; ila chombo hicho huvunjika ulimini, ilhali cha Mjerumani huvunjika mkononi. Maneno hayo alikuwa ameyatamka tangu utotoni pasipo kusikia ndani yake mlio wa kitu kinachovunjika.

Hata hivyo, tofauti moja ilibaki. Usiku ule, baada ya kishindo, bibi na bwana harusi walivifagia vigae pamoja, huku wageni wakizidi kuvunja. Fundisho lilikuwa wazi: ya nyumbani yakivunjika, wawili ndio wazoaji. Katika kicheni pati, kungwi humfunda mwanamke namna ya kutunza vyombo visivunjike. Mume hayupo, hivyo hafundwi kuvitunza wala kuzoa vigae.

Kabla ya kutoka Kariakoo, mwalimu alinunua pia ufagio na kizoleo cha taka. Siku ya sherehe aliviweka kando ya zile sahani. Kungwi aliuliza, kwa mzaha, kama mwali hajui kufagia.

"Anajua, somo. Huo ni wa bwana harusi."

Ukumbi ulicheka, kisha vicheko vikapungua. Kungwi aliutazama ufagio kwa kitambo, akauegemeza ukutani, mbali na zawadi za mwali, akaagiza mtu asiusahau.