Mchezo Ulio Mbali na Mfuko Ulio Karibu

Kila zama huja na biashara zake, na kila biashara mpya huja na jina zuri. Kabla ya kufungua mfuko wake, yampasa Mwislamu aulize maswali matatu ambayo wazee wetu waliyauliza sokoni tangu zamani: Nanunua nini? Kiko wapi? Nami nitakabidhiwa lini? Biashara isiyoweza kuyajibu maswali haya imekaribia gharari, nayo gharari ameikataza Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Wanazuoni hutupigia mfano wa samaki aliye majini na ndege aliye angani. Mwenye kuwauza auza asichokishika, na mwenye kuwanunua hajui kama atakipata.

Leo twataka kuyatumia maswali hayo katika jambo ambalo vijana wetu wa hapa Itumba wameanza kulizungumza, nalo ni michezo ya video inayochezwa moja kwa moja kwa intaneti ya nyumbani. Zamani kidogo kijana aliyetaka mchezo huo alinunua mashine yake na santuri yake, akavitia ndani, akacheza. Katika mtindo huu mpya hana mashine wala santuri. Mashine iko nchi ya mbali, katika jumba la kampuni. Kijana abonyeza kitufe hapa. Amri yasafiri hadi huko. Mashine yachora picha na kuirudisha ikiwa kama filamu. Naye aitazama juu ya kioo cha simu au cha televisheni. Picha hizo aghalabu ni 60 kwa kila sekunde.

Wauzaji wasema hii ni rehema kwa maskini, kwa kuwa haihitaji mashine ya bei kubwa, na simu ya kawaida yatosha. Maneno haya yana utamu, lakini mzigo haukuondoka, umehamishwa bega. Gharama iliyokuwa katika mashine sasa imetiwa katika intaneti, nayo intaneti hulipiwa kila siku.

Tutazame kwanza njia yenyewe. Mji wetu ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika milima iliyo jirani na Malawi. Kwa wengi wetu intaneti ya nyumbani ni ile ya simu, au ya ruta ndogo yenye laini ya simu, inayovuta mawimbi ya mnara mmoja pamoja na majirani wote. Baada ya Isha, kila mtu aishikapo simu yake, mtandao huwa mzito kama barabara ya udongo mwezi wa Machi. Tena, hata kama njia ingekuwa safi, kuna umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Johannesburg iko karibu kilomita 2,000 kutoka kwetu kwa safari ya ndege. Lau uzi ungenyooshwa bila ya kupinda popote, kwenda na kurudi kungechukua sehemu moja ya 50 ya sekunde, na muda huo tayari wazidi umri wa picha moja katika zile 60. Na uzi haukunyooshwa. Hupita vituo vingi na kupinda mara nyingi. Ndipo kijana aupigapo mpira ndani ya mchezo, akaona mlinda mlango amekwisha kuudaka kabla mguu haujainuka.

Mtu aweza kusema: Mbona twatazama mawaidha kwa intaneti hiyo hiyo, wala hayakatiki? Tofauti ni kubwa. Mawaidha yamekwisha kurikodiwa; simu hujiwekea akiba ya dakika kadhaa mbele, na mtandao ukilegea kidogo, yaendelea kula akiba yake. Mchezo hauwezi kuwekewa akiba. Picha itakayofuata haijazaliwa bado, kwani yangoja kidole cha mchezaji. Kwa hiyo kila kulegea kwa mtandao huonekana papo hapo.

Tena tusisahau kuwa njia hiyo yote hutegemea mambo yasiyo mikononi mwetu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania na kwa jirani zetu wengi. Mwenye kitabu chake rafuni alisoma siku ile. Mwenye kitabu kilicho ng'ambo alingoja.

Sasa tuje kwenye hesabu. Hapa mjini yuko baba mmoja, mkulima wa kahawa, aliyetujia pamoja na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Kijana alimwomba baba yake anunue ruta, kisha alipie michezo hii kila mwezi. Fedha alikuwa nazo, lakini zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya ada ya binti yake anayesoma bweni. Kijana ni mtu mwema, mwenye kuhudhuria darasa letu, wala hakutaka kumdhulumu dada yake. Alidhani tu kwamba gharama ni ndogo. Tulichukua karatasi, tukakaa watatu.

Kampuni ya Google, ilipokuwa na huduma yake ya michezo, iliwaambia wateja wawe na intaneti isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde, na kwa picha zilizo bora kabisa, megabiti 35. Tulichukua ile ndogo. Saa moja ina sekunde 3,600; megabiti 10 mara 3,600 ni megabiti 36,000. Biti 8 hufanya baiti moja. Basi gawanya kwa 8, upate megabaiti 4,500, yaani GB 4 na nusu kwa saa moja ya mchezo. Akicheza saa 2 kila siku, kwa siku 30 zitakuwa GB 270. Hesabu hii ni ya shule ya msingi. Kila mzazi achukue bei ya GB moja anayoilipa yeye mwenyewe, aizidishe, aone.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Ustadhi, nanyi mwasikiliza visomo vya Qur'ani kwa intaneti. Je, havili bando?"

Swali lilikuwa la haki, tukalipigia hesabu vilevile. Kisomo kilichorikodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula kiasi cha megabaiti 29 kwa saa. Saa moja ya mchezo yatosha zaidi ya saa 150 za kisomo. Kwa bando la mchezo wa jioni moja, mtu angeisikiliza Qur'ani nzima, tangu Alhamdu mpaka Nnas, mara kadhaa. Baba aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Ada ya binti itakwenda shule." Kijana aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Alituambia ataitazama tena bei itakaposhuka. Hatukumkataza; mwenye kupima kwa hesabu hana lawama.

Lakini lipo jambo jingine ambalo kushuka kwa bei hakutaliondoa, nalo ni lile swali la kwanza: Nanunua nini? Huduma ile ya Google, iitwayo Stadia, ilifunguliwa Novemba 2019 na kufungwa Januari 2023. Watu walikuwa wamenunua ndani yake michezo mmoja mmoja, kwa bei kamili, kama anunuavyo mtu kitabu. Siku ya kufungwa, hakuna aliyebaki na mchezo mkononi. Ni haki tuseme kuwa kampuni iliwarudishia wanunuzi fedha za michezo hiyo, nalo ni jambo jema. Lakini kabla yake ilikuwako OnLive ya Marekani, iliyofungwa Aprili 2015, na michezo waliyoilipia wateja wake ndani ya huduma ile ilipotea pamoja nayo. Ikiwa mali ya mtu yategemea kuendelea kwa duka la mwenziwe, basi hiyo si mali bado.

Sisi si mamufti, wala hatutoi fatwa. Kukodi ni halali katika dini yetu, ikiwa manufaa yajulikana, muda wajulikana na ujira wajulikana. Mtu akiambiwa waziwazi, "Wakodi kwa mwezi mmoja, ukiacha kulipa huna kitu," amejua alichokifanya. Tunaloliogopa ni kukodi kunakovikwa kanzu ya kununua, na manufaa ambayo muuzaji hawezi kuyadhamini kwa sababu njia ya katikati si yake. Kijana asiyefundishwa kutenganisha kununua na kukodi katika mchezo, kesho atachanganya katika shamba na nyumba.

Na juu ya fedha kuna wakati. Kampuni za simu zimezoea kuuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu. Kijana atafutaye urahisi atacheza saa nane za usiku, na muadhini atakaponadi Alfajiri, atakuwa ndiyo kwanza amelala. Urahisi huo waununua kwa Swala yake. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Surat al-Asr, na katika Surat Bani Israil amewahesabu wafujaji kuwa ndugu wa mashetani. Haya mawili, wakati na mali, hukutana mahali pamoja katika jambo hili.

Hatusemi kwamba mchezo ni dhambi. Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, naye alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Mtoto asiyecheza ni mgonjwa. Lakini mpira wa matambara, ukipasuka, hushonwa hapo hapo. Mvua ikikata mtandao, mpira haujui habari hiyo. Na kama kijana hana budi kucheza mchezo wa video, ule ulio ndani ya simu yake, usiohitaji bando kila dakika, ni bora kuliko huu, maana ataufunga apendapo, na baba yake atajua amelipa kiasi gani.

Enyi wazazi, msiwapige marufuku watoto wenu kwa ukali, maana kilichofungiwa mlango hutafuta dirisha. Kaeni nao na karatasi na kalamu. Waulizeni yale maswali matatu, kisha muwaache wazidishe na wagawanye wenyewe. Nanyi vijana, msione haya kuuliza bei kamili ya kitu mbele ya wenzenu. Haya ni kulipa usichokijua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, atujaalie mali ya halali na wakati wenye manufaa, na awafanye watoto wetu wenye kupima kabla ya kutoa. Amin.