Macho ya Chini Mbele ya Wasaili

Kijana akirudi kutoka kwenye usaili wa kazi, aghalabu twamwuliza juu ya vyeti na maswali. Ni mara chache tunamwuliza macho yake yalikuwa wapi. Na hali wako wasaili wengi wanaoamini kwamba jibu la kukariri husomwa mwilini: mwombaji akiinamisha macho, akichezea vidole au akisita, huyo kafundishwa la kusema, akitazama usoni na kunena bila kukwama, huyo ni mkweli.

Katika Bonde la Kilombero imani hiyo yagongana na malezi. Huku, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto, hasa wa kike, hufunzwa tangu udogoni kutomkodolea macho mtu mzima anayesema naye. Asiyepepesa huambiwa ana macho makavu, na hiyo si sifa. Binti hulelewa hivyo miaka ishirini, kisha asubuhi moja huketishwa mbele ya watu wazima watatu wenye kalamu, na adabu ile ile ikageuka kasoro.

Nililiona jambo hili mjini Ifakara, nilipokaribishwa kusikiliza usaili wa karani wa ghala la mpunga. (Ghala lenyewe silitaji.) Kijana mmoja aliingia kifua mbele. Akasema yeye ni mchapakazi, awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa na katika mazingira yoyote. Sauti haikupanda wala kushuka, na macho hayakumwacha mwenyekiti. Baada yake akaja binti aliyezungumza na meza. Alisita, akarudia maneno, akasugua kiganja kwa kiganja. Mwenyekiti akaandika: "Hajiamini. Majibu ya kufundishwa." Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi cha kuyasoma.

Ndipo mama mmoja wa jopo, aliyesimamia mizani kwa miaka mingi, akauliza swali ambalo halikuwamo katika karatasi: mnunuzi akitaka lumbesa, utafanyaje? Binti hakuinua macho, lakini mikono ilifunguka. Ilionyesha jinsi mdomo wa gunia unavyoongezwa kamba ili upokee kilele cha ziada, na mahali pa kukata mshono ili mpunga umwagwe, upimwe upya kwa kilo. Kumbe alikua akimsaidia baba yake kuuza mpunga uliovushwa mto kwa kivuko, kabla daraja la Kilombero halijazinduliwa mwaka 2018. Kijana yule, alipoitwa tena na kuulizwa hilo hilo, alijibu kwamba yeye ni mchapakazi.

Hata hivyo alama za "kujiamini" zilikwisha kuandikwa kwa wino. Binti alishika nafasi ya pili, na nafasi ya kazi ilikuwa moja.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo wa Marekani walijumlisha matokeo ya majaribio ya watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kupambanua kweli na uongo bila msaada wowote wa kitaalamu. Kwa wastani walipatia mara 54 katika 100; mwenye kurusha sarafu hupatia 50. Na mapitio aliyoyaongoza DePaulo mwaka 2003 hayakuona kwamba waongo hukwepa macho kuliko wakweli.

Wala sina ugomvi na kijana yule. Kujiandaa si uongo, na aliyekosa ajira muda mrefu atakariri chochote anachoambiwa kitamsaidia. Lawama yangu ni kwa msaili anayetazama kope badala ya kuuliza swali la pili. Jibu la kukariri lina mlango mmoja tu: ukilikata katikati, mwenyewe hurudi mwanzo. Aliyeifanya kazi utamwingilia popote, naye atakujibu kutoka hapo hapo, hata kama anatazama sakafu.

Shangazi yangu wa Kibaoni amelielewa hilo bila kusoma utafiti wowote. Bintiye anangojea kuitwa kwenye usaili, na kila jioni humfanyisha mazoezi huku yeye akipepeta mchele. Hamwamuru kumtazama usoni. Humwacha aanze jibu lake zuri, kisha humkatiza: "Haya, hiyo siku ya kwanza ulikosea nini, na nani alikurekebisha?" Binti hukasirika, hunyamaza kidogo, halafu huanza kusimulia.