Joistiki ya Mjomba

Najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika hata mstari, na wapo walioniuliza njiani kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kila Ijumaa jioni nikitoka kazini nilikuwa napanda daladala kwenda Mkokotoni, narudi mjini Jumapili usiku, na huko nilikuwa nahangaika na kidude cha plastiki ambacho umri wake unakaribia wangu. Leo ndiyo nakuja kuwasimulia. Wale wasiopenda habari za waya na kompyuta naomba wavumilie, nitajitahidi nisiwachoshe sana.

Kwa wasiopajua, Mkokotoni iko kaskazini magharibi ya Unguja, ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini. Ukiteremka hadi sokoni kwenye samaki unaiona Tumbatu ng'ambo, na mashua zinakwenda na kurudi. Huko ndiko anakoishi mjomba wangu. Alikuwa zimamoto kiwanja cha ndege kwa miaka mingi, tangu kinaitwa Kisauni. Mwaka 2010 kilipewa jina la Abeid Amani Karume, lakini Mjomba mpaka leo ni Kisauni tu. Kazi yake, kama anavyoieleza mwenyewe, ilikuwa kukaa tayari na kuangalia ndege za watu zikitua, akiomba Mungu siku hiyo asihitajike. Katika umri wake wote amepanda ndege mara mbili, kwenda Pemba na kurudi.

Sasa, nilipokuwa mdogo, kwake kulikuwa na kompyuta. Usishangae, ilikuwa ni ile ya mezani, mtumba uliotoka Maskati kwa jamaa zetu, ina Windows XP, na ndani yake kulikuwa na Flight Simulator 2004. Pamoja nayo ilikuja joistiki, yaani ile fimbo ya kuendeshea ndege kwenye kompyuta. Pale nyumbani hatukuiita joistiki. Tuliita mkono. Nikifika kutoka mjini siku za mapumziko ya skuli neno langu la kwanza baada ya shikamoo ni "Mjomba, mkono uko wapi?" Ananipakata, anashika fimbo, mimi nashikilia kigurudumu cha mafuta pale chini, tunaondoka. Jina la kampuni lilikwishafutika kwenye plastiki kwa jasho letu.

Kisha ukaja ule umeme wa Disemba 2009. Wazanzibari hamjasahau. Njia ya umeme wa chini ya bahari kutoka bara ilipata hitilafu, kisiwa kizima kikakaa gizani hadi Machi 2010, miezi mitatu. Umeme uliporudi kompyuta ya Mjomba haikuwaka. Miezi mitatu ya hewa ya bahari bila kuwashwa, ndani kulishafanya kutu. Ikatupwa. Mkono ukawekwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na mambo yakaishia hapo.

Mwaka juzi Mjomba alipata kiharusi. Upande wa kulia. Mguu umerudi, anatembea na bakora, maneno yamerudi pia, tena zaidi ya zamani. Ila mkono wa kulia haukurudi. Anakaa barazani kutwa, na yeye si mtu wa kukaa.

Basi siku moja nimekwenda kumjulia hali, nimemwamkia, akaniuliza: "Mwanangu, ule mkono wangu uko wapi?" Wadau, moyo ulinishtuka. Nikamtazama mkazamjomba, naye kanitazama. Nilidhani akili imeanza kuondoka. Yeye akaona nyuso zetu, akacheka mpaka akakohoa. "Si huu, mjinga we. Ule wa ndege."

Nikaushusha kutoka juu ya kabati. Vumbi, na mjusi mmoja.

Nikajiambia kazi ndogo hii. Laptopu ninayo, ya kuandikia habari. Tatizo la kwanza likajitokeza nilipoutazama ule waya. Mwisho wake si USB. Ni plagi pana yenye pini 15, za safu mbili, ambayo zamani ilichomekwa nyuma ya kompyuta kwenye kadi ya sauti. Tundu lile lilianza na kompyuta za IBM mwaka 1981, na laptopu yangu haina kitu kama hicho. Na hata ningelipata tundu isingesaidia, kwa sababu Windows kuanzia Vista, mwaka 2007, iliacha kabisa kulitambua. Mfumo endeshi wa leo unajua zaidi joistiki za USB. Ukichomeka ya zamani ni kama kumsalimia mtu kwa lugha asiyoijua, hakujibu na wala hakutukani.

Wenzangu kazini wakaniambia kwa nini usinunue mpya? Swali zuri. Nilikwenda kutazama. Mbali na bei, karibu zote nilizoziona za bei ya watu kama sisi zimechongwa kwa kiganja cha mkono wa kulia. Kuna mahali pa dole gumba, kuna mahali pa kupumzisha kiganja. Mtu wa mkono wa kushoto akiishika inamkataa. Ile ya Mjomba, kwa uzee wake, ni fimbo iliyonyooka, kulia na kushoto sawasawa. Hapo ndipo nilipoamua kwamba ni hii hii.

Nikiwa Dar kikazi nikanunua kiunganishi, upande mmoja pini 15, upande wa pili USB. Muuzaji (duka silitaji) aliniapia kinafanya kazi. Nimefika Mkokotoni, Mjomba amekaa tayari na kanzu safi, nachomeka, kimya. Nikakifungua kwa bisibisi. Ndani waya tupu! Hakuna chipu, hakuna chochote. Baadaye nikasoma nikaelewa kwamba viunganishi vya namna ile si utapeli, vilitengenezwa kwa joistiki chache zilizokuwa zinajua lugha zote mbili tangu kiwandani. Yetu inajua moja. Mjomba akasema hapana neno, akaenda kuvua kanzu. Nililala vibaya siku ile.

Hapa sasa nataka niwaeleze ile joistiki ya zamani inavyofanya kazi, maana mimi mwenyewe nilistaajabu. Ndani ya fimbo kuna rizista mbili za kuzungusha, aina ile ile ya kitufe cha kuongezea sauti ya redio. Moja inageuka fimbo ikienda kulia na kushoto, nyingine ikienda mbele na nyuma. Hazipeleki namba yoyote kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayokisia. Inaanza kujaza umeme kwenye kapasita ndogo kupitia ile rizista, halafu inahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka ijae. Fikiria ndoo chini ya bomba. Bomba likifunguliwa sana ndoo inajaa upesi, likibanwa inachelewa. Kwa muda wa kujaa tu kompyuta inajua bomba limefunguliwa kiasi gani, yaani fimbo imelala upande gani. Yote hayo yanatokea ndani ya muda kama wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena na tena, na prosesa imesimama kuhesabu ndoo. Ndiyo maana zamani kila ukibadilisha kompyuta ilibidi uanze kuizoesha fimbo upya, kwani mashine ya kasi zaidi inahesabu haraka zaidi.

Kwa hiyo nilichohitaji ni mkalimani. Kitu cha kukaa katikati, kizisome zile rizista upande mmoja, na upande wa pili kijitambulishe kwenye laptopu kama joistiki ya kawaida ya USB. Vipo vibao vidogo vya Arduino vyenye chipu ya ATmega32U4 ambavyo vinaweza hilo, na bei yake haifiki ya joistiki mpya. Nikaagiza kimoja. Kulehemu nilifanyiwa na fundi simu mmoja kijana pale Mkokotoni, ambaye aliniuliza mara tatu kama kweli nataka kulipa pesa kwa ajili ya kitu hiki.

Pini ya 1 ni umeme wa volti 5. Ya 3 ni kulia na kushoto, ya 6 ni mbele na nyuma, kigurudumu cha mafuta kwetu kiko ya 13, vitufe ni ya 2 na ya 7, na ya 4 ni nyuzi ya kurudishia. Tukaunganisha, nikaandika programu fupi, nikawasha. Namba ikasoma 1023 na haikutikisika hata ukiivunja fimbo. Fundi akasema imekufa. Mimi nikataka kukubali. Ni usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilipokumbuka fizikia ya skuli: kibao hiki hakihesabu muda, kinapima volti, na volti haigawanyiki kama hakuna rizista ya pili ya kuishusha chini. Asubuhi tukaweka rizista ya kilo-omu 100 kwa kila mstari. Namba zikaanza kucheza, kutoka kama 510 hadi karibu 1020.

Lakini fimbo ikiwa katikati ilisoma 680, na katikati ya 510 na 1020 ni 765, si 680. Maana yake ndege ingekuwa inalala upande mmoja muda wote. Nilifikiri rizista imechakaa. Haikuchakaa, ni hesabu tu. Ile njia ya zamani ya kuhesabu muda ilikuwa inapanda sawasawa na rizista, ukizidisha mara mbili muda nao mara mbili. Kugawa volti hakupandi sawasawa. Unachukua 1023, unagawanya kwa namba uliyosoma, unatoa moja, unazidisha kwa 100, unapata kilo-omu halisi. Kwa 680 inakuja 50 na ushei, na 50 ndiyo nusu ya 100. Katikati kabisa! Hesabu hii haimshindi mtoto wa Kidato cha Pili, na wale wahandisi wa 1981 hata hawakuihitaji. Siku hizi tunapenda kusema vya zamani vilikuwa vya kijinga.

Mengine nayapitia haraka. Rizista zilikuwa zinarukaruka kwa chumvi, tukazisafisha kwa spiriti. Laptopu yangu ilikuwa na Windows 10, ambayo msaada wake umekwisha tangu Oktoba 2025, na ya 11 inaikataa mashine yangu, kwa hiyo nilikuwa nimeshahamia Linux. Nilijiandaa kwa vita vingine. Hapakuwa na vita. Kibao kikajitambulisha, mfumo ukakikubali bila draiva yoyote, na jina nililokipa likatokea kwenye orodha: MKOKOTONI 1. Programu niliyotumia ni FlightGear, ya bure, inayoshusha ramani ya dunia kutoka kwenye intaneti kadiri unavyoruka.

Jumamosi iliyopita nikaweka laptopu barazani, juu ya kigoda. Cessna 172, kiwanja cha Kisauni, barabara ya kurukia namba 36 inayoelekea kaskazini, ili tuje moja kwa moja huku nyumbani. Mjomba akatazama skrini, akatazama minazi, akaniuliza: "Huu mwezi gani?" Nikamwambia Julai. "Na Julai upepo gani?" Kusi, Mjomba. "Sasa mbona umenielekeza kaskazini, unataka niruke upepo ukinisukuma mgongoni? Mie nimekaa pale miaka yote ile sijui ndege zinaondokea wapi?" Nikageuza. Namba 18, kuelekea kusini, upepo usoni.

Tatizo jingine, vile vikombe vya mpira chini ya kitako cha joistiki vimekauka, havishiki tena, na fimbo ikivutwa kitako kizima kinateleza. Nikainuka kutafuta gundi. Mjomba akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akauweka juu ya kitako. Uzito wake ukakizuia. Kisha akashika fimbo kwa kushoto akanambia nimfungulie mafuta.

Akaivuta fimbo na ndege ikachimba pua ardhini. Nilisahau kugeuza upande mmoja wa hesabu. Alama ya kutoa mbele ya namba moja, tukarudi mwanzo. Safari ya pili ikapaa. Akapinda kulia juu ya bahari, akaifuata pwani kaskazini kwa dakika kama 12 bila kusema neno, mpaka Tumbatu ikatokea. Mkokotoni kwenye ramani ile ni majani ya kijani na vijumba vya kubuni, soko hakuna, mashua hakuna. Akaizunguka mara nne. Mkazamjomba akatoka na chai akauliza mtatua saa ngapi. Mjomba akasema, "Nimeshasubiri sana ndege za watu zitue. Yangu wacha ikae juu."

Kilichobaki ni kitufe cha kwanza, ambacho ndiyo breki, kinashika kikitaka. Kuna siku atataka kutua. Swichi yake ni ile ndogo ya miguu mitatu, kama iliyomo ndani ya mausi za zamani. Mdau mwenye mausi mbovu nyumbani asiitupe, nitapita kuichukua kabla ya Ijumaa.