Kitufe Kimoja na Kumbukumbu Zake

Katika ubunifu wa ramani za michezo ya kompyuta, yaani kazi ya kupanga vyumba, milango, taa na vikwazo atakavyovipitia mchezaji, ni machache yanayoonekana madogo na kuwatoa jasho wanaojifunza kama kitufe kimoja kinachotakiwa kuwasha kitu kwa mbonyezo wa kwanza na kukizima kwa mbonyezo wa pili. Ugumu wake hautokani na kitufe chenyewe, kwa kuwa kitufe hakijui lolote zaidi ya kwamba kimebonyezwa. Unatokana na swali la nani atakayekumbuka kama taa inawaka au imezimika, na kwa walioifuata kazi hii tangu miaka ya 1990, mabadiliko yake yote yamekuwa ni kuhama kwa kumbukumbu hiyo kutoka mahali hadi mahali.

Katika Quake, mchezo uliotolewa mwaka 1996 na kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, kumbukumbu ilikaa ndani ya kitu chenyewe. Mbunifu aliipa taa jina, akakielekeza kitufe kwenye jina hilo, na kila amri ilipofika taa ilijikagua: ilipokuwa na alama ya kuzimwa, ilichukua herufi "m", ambayo katika mchezo ule ni mwanga wa kawaida, kisha ikaifuta alama; ilipokuwa haina, ilichukua herufi "a", ambayo ni giza totoro, kisha ikairudisha alama. Mlango nao uliweza kupewa alama ya namba 32, iliyoufanya usijifunge wenyewe baada ya muda bali usubiri amri nyingine, uwe wazi au umefungwa. Mpango huo ulipendeza kwa wepesi wake, na wajenzi wa rika lile wana haki ya kuukumbuka kwa mapenzi, lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba amri ilisema "geuka" tu, bila kusema "waka" wala "zimika". Taa mbili zilizoanza zikiwaka pamoja ziliachana mara tu kitufe kingine kilipoigusa mojawapo, na tangu hapo kila mbonyezo uliwasha hii na kuzima ile.

Mchezo wa Half-Life wa mwaka 1998 ulianza kuiziba kasoro hiyo kwa kuiwezesha rilei, yaani kijenzi kisichoonekana kinachopokea amri na kuipitisha kwingine, itamke wazi kama inawasha, inazima au inageuza.

Half-Life 2 ilipotoka mwaka 2004, tukio lolote liliweza kutuma amri mahususi kwa kijenzi chochote, tena kwa kucheleweshwa kwa muda anaoutaka mbunifu, na hapo ndipo ilipozoeleka njia ya rilei mbili zinazopokezana zamu. Moja huanza ikiwa wazi na nyingine ikiwa imefungwa. Kitufe huzipelekea zote mbili amri ileile. Iliyo wazi huwasha taa, hujifunga yenyewe, kisha humfungulia mwenzake, ambaye mbonyezo unaofuata utamkuta tayari kuzima taa na kuirudisha zamu. Wabunifu wenye tahadhari huuchelewesha ufunguzi huo kidogo, ili rilei ya pili isije ikafunguliwa kabla amri ya mbonyezo uleule haijaifikia, nayo ikaizima taa papo hapo. Jozi hiyo ya vijenzi vinavyozuiana ina undugu wa karibu na sakiti iitwayo flipu-flopu, ambayo William Eccles na F. W. Jordan waliiombea hataza nchini Uingereza mwaka 1918 wakitumia vali mbili za elektroni, na inafaa kusemwa kwa heshima kwamba wajenzi wa ramani walikuwa wakiijenga upya kwa milango na taa.

Unreal Engine 4, programu ya kuundia michezo iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, iliifungasha hekima hiyo yote katika kisanduku kimoja. Katika mfumo wake wa Blueprint, ambamo mantiki ya mchezo huundwa kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya zinazochorwa kwenye skrini, kipo kisanduku kiitwacho Flip Flop, ambacho amri ya kwanza hutokea upande wa A, ya pili upande wa B, ya tatu upande wa A tena. Urahisi huo ni neema, lakini umeitenga kumbukumbu na kitu kinachokumbukwa: taa ikizimwa kwa njia nyingine, tuseme umeme wa jengo umekatika ndani ya hadithi, kisanduku hubaki kikiamini kuwa inawaka, na mchezaji hulazimika kubonyeza mara mbili ili apate mwanga.

Kwa sababu hiyo, njia iliyo imara kuliko zote bado ni ile iliyo karibu na ya mwaka 1996: hali ya taa ihifadhiwe na taa yenyewe, na kitufe kiiulize taa kwanza ndipo kitoe amri iliyo wazi ya kuwasha au ya kuzima.